Jinsi ya Kuchagua Prosesa ya Seva ya Nyumbani na ya Kompyuta ya Mezani: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila anayeanza kujiundia kompyuta huuliza swali lilelile: prosesa ipi ni nzuri? Swali hilo halina jibu mpaka ijulikane mashine itafanya kazi gani, na huzidi kuwa gumu pale mtu anapotaka mashine mbili kwa pamoja, yaani seva ya nyumbani itakayowaka usiku na mchana, na kompyuta ya mezani ya kufanyia kazi zake za kila siku. Wengi huchukua orodha moja ya vipimo vya utendaji, wakazipanga prosesa zote kuanzia dhaifu hadi yenye nguvu, kisha wakanunua ya juu kabisa ambayo mfuko wao unaimudu. Matokeo yake ni seva inayokula umeme bure, na kompyuta ya mezani ambayo bado inamchelewesha mwenyewe.

Mashine hizi mbili zichaguliwe kwa maswali tofauti. Seva ya nyumbani husubiri kazi kwa sehemu kubwa ya siku, kwa hiyo swali lake la kwanza ni umeme inaotumia ikiwa imetulia, na la pili ni uwezo maalumu iliopewa prosesa yake. Kwenye kompyuta ya mezani anayesubiri ni wewe, kwa hiyo swali lake la kwanza ni kasi ya kiini kimoja, kisha idadi ya viini. Ukilishika hilo, hatua zilizobaki zitakuwa rahisi kuzifuata.

Maneno machache yatajirudia. Kiini ni sehemu ya prosesa inayotekeleza kazi, na prosesa za leo zina viini vingi. Uzi ni foleni ya maelekezo ambayo kiini hupokea. Baadhi ya viini hupokea nyuzi mbili kwa wakati mmoja, lakini uzi wa pili hauongezi nguvu sawa na kiini cha pili. Kashe ni kumbukumbu ndogo yenye kasi kubwa iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. TDP ni kiwango cha wati ambacho mtengenezaji hukitaja kama mwongozo wa kupoza joto. Nadharia inatosha hapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Karatasi au faili la kuandikia kazi ambazo kila mashine itafanya.
- Kompyuta unayoitumia sasa, hata ikiwa ya zamani, kwa ajili ya kupima.
- Kipima umeme cha kuchomeka ukutani, hasa ikiwa una mashine unayofikiria kuigeuza kuwa seva.
- Bei ya uniti moja ya umeme, yaani kilowati-saa, unayolipa wewe.
- Kikomo cha fedha kwa mashine nzima. Prosesa huambatana na ubao mama, kumbukumbu (RAM) na kipoza joto, na mara nyingi vitatu hivyo kwa jumla huizidi yenyewe kwa gharama.
- Ukurasa wa mtengenezaji wa ubao mama unaoorodhesha prosesa zinazokubalika. Usinunue chochote kabla ya kuusoma.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike majina ya prosesa

Gawa karatasi yako sehemu mbili. Upande wa seva, andika huduma moja moja: kuhifadhi mafaili na picha, kutunza nakala rudufu, kuzuia matangazo kwenye mtandao wa nyumbani, kurusha filamu kwenye televisheni, kuendesha mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya kompyuta halisi), kurekodi kamera za usalama. Mbele ya kila huduma andika ni watu wangapi wataitumia kwa wakati mmoja, kwa sababu filamu moja na filamu tano kwa mpigo ni mizigo miwili tofauti kabisa.

Upande wa kompyuta ya mezani, andika programu halisi kwa majina yake. Neno "kazi za ofisi" halitoshi, kwa kuwa kuandika barua na kukokotoa jedwali lenye mistari laki kadhaa ni vitu viwili. Vilevile "michezo" haitoshi: taja mchezo, ukubwa wa skrini na kadi ya picha uliyo nayo.

Onyo: usiandike kazi ambazo huenda utazifanya siku moja. Orodha ya matamanio ndiyo inayowafanya watu wanunue prosesa ya viini kumi na sita kwa ajili ya kutunza picha za familia.

Hatua ya 2: Pima mashine uliyo nayo

Fanya kazi zako za kawaida huku ukiangalia matumizi ya prosesa. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, bofya grafu kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kuonyesha kila uzi peke yake. Kwenye Linux, tumia amri ya `htop`, na `lscpu` ikuonyeshe jina la prosesa na uwezo wake.

Tazama umbo la mzigo. Grafu moja ikigonga asilimia mia huku nyingine zikiwa chini, programu yako inategemea kiini kimoja, na kuongeza viini hakutakusaidia. Tafuta prosesa ya kizazi kipya yenye viini vyenye kasi. Grafu zote zikipanda pamoja, idadi ya viini ndiyo itakayokufaa. Na ikiwa zote ziko chini lakini kompyuta ingali nzito, tatizo si prosesa. Angalia kumbukumbu iliyobaki, na angalia kama mfumo endeshi bado uko kwenye diski kuu inayozunguka badala ya SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Watu wengi wanaotaka kununua prosesa mpya wangepona kwa SSD na kumbukumbu ya ziada tu.

Hatua ya 3: Kwa seva, anza na hesabu ya umeme

Wati 10 zinazotumika mwaka mzima bila kuzimwa ni kilowati-saa 87.6. Zidisha wati kwa 24, kisha kwa 365, gawa kwa 1,000, na utapata jibu la mashine yoyote. Seva inayovuta wati 60 ikiwa imetulia itakula kilowati-saa 525.6 kwa mwaka, na ile inayovuta wati 15 itakula 131.4. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayolipa wewe, kisha kwa miaka minne au mitano ambayo seva itadumu. Hapo ndipo utakapoona kwamba mashine ya zamani uliyopewa bure inaweza kuwa ghali kuliko mpya ndogo.

Kosa kubwa hapa ni kudhani TDP ndiyo matumizi ya umeme. TDP haisemi lolote kuhusu mashine iliyotulia, wala haielezi kilele. Core i7-12700, kwa mfano, imeandikiwa wati 65 za msingi, lakini Intel yenyewe inataja wati 180 kuwa kikomo chake cha kasi ya juu. Kwenye prosesa za AMD, mshindani wa Intel, za soketi ya AM4 (soketi ni tundu la ubao mama ambamo prosesa huingia), iliyoandikiwa wati 65 inaruhusiwa kufika 88. Umeme wa kutulia hutegemea pia ubao mama, pawasaplai, kadi zilizochomekwa na diski. Ndiyo maana kipima umeme cha ukutani ni cha kuaminika kuliko karatasi yoyote ya mtengenezaji.

Mifano mitatu itakupa picha ya mahali pa kuanzia.

Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ina viini 4 na nyuzi 4, na TDP ya wati 6. Kwa mafaili, nakala rudufu, kuzuia matangazo, kontena kadhaa (programu zilizofungashwa kila moja peke yake) na filamu, inatosha, na ningeanza nayo kwa nyumba nyingi. Mipaka yake ijue mapema: ina njia moja tu ya kumbukumbu, na njia 9 tu za PCIe (njia za kuunganishia kadi na diski) za toleo la 3, kwa hiyo usitarajie kuipachika diski nyingi na kadi ya mtandao yenye kasi kubwa kwa pamoja.

Kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zenye prosesa kama Core i5-8500T, ni chaguo la pili. Herufi T ni ya aina zinazobana umeme. Hii ina viini 6 na TDP ya wati 35, inabadilishwa kumbukumbu kwa urahisi, na kwa kawaida huwa tulivu na isiyo na kelele.

Chaguo la tatu ni seva halisi za zamani za makampuni, zenye Xeon (prosesa za Intel za seva) mbili na feni zinazovuma. Zina viini vingi na kumbukumbu kubwa kwa fedha kidogo, na ndizo zinazowavutia wanaoanza. Sizipendekezi kwa nyumba, isipokuwa kazi yako kweli ni kuendesha mashine pepe nyingi muda wote, na una chumba cha kuzifungia kelele zake.

Hatua ya 4: Kagua uwezo maalumu wa prosesa ya seva

Hapa pana mambo manne, na hayana uzito sawa.

Kubwa zaidi kwa nyumba nyingi ni video. Televisheni au simu isipoweza kusoma muundo wa filamu ulioihifadhi, seva hulazimika kuibadilisha papo kwa papo. Kazi hiyo ikifanywa na viini vya kawaida, filamu moja yenye ubora wa 4K inaweza kuishinda prosesa yenye nguvu. Ikifanywa na sehemu maalumu ya video iliyomo ndani ya prosesa, hata N100 inaimudu. Kwa Intel sehemu hiyo inaitwa Quick Sync, na kuanzia kizazi cha 7 inaweza kusoma na kuandika muundo wa HEVC wa biti 10, ambao ndio unaotumika kwenye filamu nyingi za 4K. AMD nazo zina sehemu ya namna hiyo kwenye prosesa zenye grafiki za ndani, lakini kwa seva ya filamu mimi huchagua Intel bila kusita, kwa kuwa programu za kurusha filamu kama Jellyfin zimeizoea zaidi na matatizo ni machache.

Onyo: prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni haina grafiki za ndani, kwa hiyo haina Quick Sync. Huuzwa kwa bei ya chini kidogo, na wanaoanza huichukua kwa furaha wakidhani seva haihitaji picha.

La pili ni mashine pepe. Prosesa iwe na VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD, jambo ambalo karibu zote za miaka ya karibuni zinalo. Ukitaka kuikabidhi mashine pepe kadi halisi, kwa mfano kidhibiti cha diski au kadi ya picha, hakikisha prosesa na ubao mama vyote vina VT-d au IOMMU.

La tatu ni kumbukumbu ya ECC, ambayo hugundua na kusahihisha biti iliyogeuka. Nyumbani inafaa, ila si lazima, na nakala rudufu iliyo mahali pengine ni muhimu kuliko ECC. Ukiitaka, kwenye AM4 prosesa za Ryzen za mezani zisizo na herufi G kwa kawaida huikubali endapo ubao mama unaikubali, ilhali zenye G ni zile za PRO pekee. Kwa Core za kizazi cha 12 hadi 14, tafuta ubao mama wenye chipseti ya W680. Usidanganywe na maneno kwamba DDR5 zote zina ECC: zile za kawaida husahihisha makosa ndani ya chipu tu, na data inayosafiri kati ya kumbukumbu na prosesa hubaki bila ulinzi.

La nne ni maelekezo ambayo programu mpya huyadai. Programu ya hifadhidata ya MongoDB, kuanzia toleo la 5.0, haiwaki kwenye prosesa isiyo na maelekezo ya AVX, na Pentium na Celeron nyingi za zamani hazina. Endesha `lscpu | grep avx` kwenye mashine kuukuu kabla ya kuifanya seva. Ikinyamaza, ujue AVX haipo.

Hatua ya 5: Kwa kompyuta ya mezani, pima kasi ya kiini kimoja kwanza

Kufungua kurasa za intaneti, kuandika, kufungua programu na kubofya menyu, yote hayo hutegemea kiini kimoja au viwili. Kwa matumizi ya ofisi na masomo, prosesa ya kizazi kipya yenye viini 4 na nyuzi 8, kama Core i3-12100, itakuridhisha kuliko ya zamani yenye viini mara mbili. Usilinganishe gigahezi za vizazi tofauti: kiini cha kizazi kipya hufanya kazi nyingi zaidi katika kila mpigo, hivyo gigahezi 4 za mwaka 2012 si gigahezi 4 za mwaka 2022. Linganisha matokeo ya programu ileile unayoitumia, yaliyopimwa na watu huru.

Viini 6 vyenye nyuzi 12 ndio msingi mzuri kwa mtu anayechanganya kazi, michezo na kuhariri picha. Nenda kwenye 8 au zaidi ikiwa unahariri video ndefu, unakusanya (compile) msimbo mkubwa wa programu, au unachora picha za 3D kwa prosesa. Prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 12 huchanganya viini vikubwa vya kasi na vidogo vya kubana umeme, kwa hiyo namba ya jumla inapotosha: Core i5-13400 ina viini 10, lakini 6 tu ndivyo vikubwa.

Kwa michezo, angalia kashe. Ryzen 7 5800X3D, ya mwaka 2022, ina viini 8 sawa na 5800X na mwendo wake ni wa chini kidogo, ila ina megabaiti 96 za kashe ya L3 mahali pa 32, na kwa sababu hiyo huishinda ndugu yake kwenye michezo mingi. Hata hivyo, ikiwa unacheza kwenye skrini ya 4K na kadi ya picha ya wastani, kadi hiyo ndiyo itakayokuwa kizuizi, na fedha zaidi ziende huko.

Kama unatumia Windows, kumbuka kwamba Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na orodha rasmi ya Windows 11 kwa prosesa za kawaida za mezani huanzia, kwa kiasi kikubwa, Core za kizazi cha 8 na Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ya kompyuta. Usinunue kompyuta iliyotumika iliyo chini ya hapo kwa ajili ya Windows. Kwa Linux itaendelea kufaa.

Hatua ya 6: Jifunze kusoma jina

Chukua Core i5-12400F. i5 ni daraja, 12 ni kizazi, 400 ni cheo ndani ya kizazi hicho, na F inasema haina grafiki. K humaanisha inaweza kuongezwa kasi na kwa kawaida haiji na feni. T hubana umeme.

Kwa AMD, G kwenye prosesa za AM4 humaanisha ina grafiki za ndani, na isiyo na G haina. Kwenye AM5, Ryzen za mfululizo wa 7000 za mezani zina grafiki ndogo zote isipokuwa zenye F. X huashiria mwendo wa juu zaidi, na X3D kashe kubwa.

Majina yanayofanana huficha tofauti. Ryzen 5 5500 na Ryzen 5 5600 zote zina viini 6 na nyuzi 12, lakini ya kwanza ina kashe ya L3 ya megabaiti 16 na PCIe ya toleo la 3, na ya pili ina 32 na toleo la 4. Kwenye kompyuta ndogo zinazotumia prosesa za laptopu, hatari ni kubwa zaidi: Ryzen 5 7520U, 7530U na 7640U zinaonekana kuwa za familia moja, ilhali zimejengwa kwa usanifu tofauti wa AMD: Zen 2, Zen 3 na Zen 4. Katika mfululizo huo wa 7000 wa laptopu, tazama tarakimu ya tatu, kwa kuwa ndiyo inayotaja usanifu. Muuzaji akikuandikia "Ryzen 5 mpya" bila namba kamili, mwombe namba kamili.

Hatua ya 7: Oanisha soketi, ubao mama na kumbukumbu

Prosesa huingia kwenye soketi yake tu. AM4 hutumia DDR4, AM5 hutumia DDR5. Soketi ya LGA1700, ya Core za vizazi vya 12 hadi 14, ina mbao mama za DDR4 na nyingine za DDR5, na kumbukumbu hizo hazibadilishani nafasi. LGA1851 ya Core Ultra 200S ni DDR5 pekee.

Onyo: jina la soketi peke yake halitoshi. LGA1151 ilitumika kwa vizazi vya 6 na 7, kisha tena kwa 8 na 9, na Intel haikukusudia makundi hayo mawili yachangie ubao mama, ingawa prosesa inaingia vizuri kabisa. Vivyo hivyo, ubao wa B450 unaweza kukubali Ryzen 5000 pale tu BIOS yake (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta) iliposasishwa. Kama huna prosesa ya zamani ya kuwashia wakati wa kusasisha, chagua ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa kutumia flashi bila prosesa.

Nunua kumbukumbu vipande viwili vinavyofanana kwa kompyuta ya mezani, hasa ikiwa utategemea grafiki za ndani, kwa sababu grafiki hizo hukopa kumbukumbu ya mashine, na kipande kimoja hupunguza upana wa njia kwa nusu.

Hatua ya 8: Kagua kabla ya kulipa

Kwa prosesa iliyotumika ya AM4, pini ziko kwenye prosesa yenyewe. Iinue usawa wa jicho dhidi ya mwanga na utazame mistari ya pini kutoka pande mbili. Pini iliyopinda huvunja mstari na huonekana mara moja. Kwa AM5 na soketi nyingine za LGA, pini ziko kwenye ubao mama, kwa hiyo unapaswa kudai picha ya karibu ya soketi ikiwa wazi. Hakikisha maandishi ya juu ya prosesa yanalingana na unachouziwa, na ukiweza, iwashe uone jina lake ndani ya BIOS.

Uliza pia kama kipoza joto kimo. Ryzen 5 5600 ya boksi huja nacho, Ryzen 7 5700X haiji nacho.

Hatua ya 9: Funga kwa utulivu

1. Zima umeme, shika chuma cha kasha kuondoa umeme tuli, kisha fungua kikono cha soketi.
2. Linganisha pembetatu ndogo iliyo kwenye kona ya prosesa na ile ya soketi, uiache prosesa ishuke kwa uzito wake. Usiisukume hata kidogo.
3. Funga kikono. Kwenye LGA kinahitaji nguvu kiasi, na hilo ni la kawaida.
4. Bandua karatasi ya plastiki chini ya kipoza joto. Weka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya njegere katikati, isipokuwa kipoza kimekuja kimeshapakwa.
5. Kaza skrubu kwa mpangilio wa mkingamo, kidogo kidogo, hadi zote zishike.
6. Chomeka waya wa feni, na waya wa umeme wa prosesa wenye pini 8 ulio juu ya ubao mama. Huo wa pili husahaulika sana.
7. Washa, ingia BIOS, soma joto, kisha washa XMP au EXPO (mipangilio ya kasi ya kumbukumbu) ili kumbukumbu ifikie mwendo ulioulipia.
8. Endesha MemTest86+, programu ya kupima kumbukumbu, usiku kucha kabla ya kuikabidhi seva data yako.

Onyo kwa wanaobadilisha prosesa ya AM4: usiinue kipoza joto moja kwa moja kwenda juu. Pesti ikiwa imekauka, prosesa hung'oka pamoja nacho hata kama kikono kimefungwa, na pini hupinda. Washa kompyuta dakika chache ipate joto, izime na uchomoe umeme, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia mpaka kiachie chenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Feni zinazunguka lakini hakuna picha.* Angalia kwanza kama prosesa ina grafiki za ndani. Kama haina, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya picha. Kisha angalia waya wa pini 8, na uchomoe kumbukumbu na kuirudisha hadi ibofye. Kwenye AM5, uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa huku skrini ikiwa nyeusi, kwa kuwa ubao mama unaizoesha kumbukumbu. Subiri, usikate umeme. Vyote vikikataa, BIOS huenda ni ya zamani kuliko prosesa.

*Mashine pepe hazianzi.* Ingia BIOS uwashe VT-x, au SVM kwa AMD. Mbao mama nyingi huja zikiwa zimeuzima uwezo huu.

*Filamu zinakatika ingawa prosesa ina Quick Sync.* Kwenye Linux, hakikisha folda ya `/dev/dri` ipo, kontena imepewa ruhusa ya kuifikia, na mtumiaji anayeendesha programu yumo kwenye kundi la `render`. Kisha washa ubadilishaji kwa maunzi ndani ya mipangilio ya programu yenyewe. Matumizi ya prosesa yakiwa bado karibu na asilimia mia wakati wa filamu moja, ubadilishaji huo haujashika.

*Seva inavuta umeme mwingi ikiwa imetulia.* Endesha `powertop` uone kama prosesa inafika kwenye hali za usingizi mzito, zinazoitwa C-states, na uziruhusu kwenye BIOS. Chomoa kadi moja baada ya nyingine huku ukitazama kipima umeme, kwa sababu kadi moja isiyojua kulala huizuia prosesa nzima isilale. Diski zinazozunguka nazo hula wati kadhaa kila moja.

*Joto linapanda haraka mno.* Kama linagonga kikomo ndani ya sekunde chache za kwanza, kipoza hakijagusa prosesa sawasawa au plastiki haikubanduliwa. Hata hivyo, baadhi ya prosesa zimeundwa kufanya kazi zikiwa moto: AMD imeruhusu Ryzen 7000 nyingi zifike nyuzijoto 95 chini ya mzigo mzito, na hiyo peke yake si hitilafu.

*Programu zinaanguka ovyo kwenye Core za kizazi cha 13 au 14.* Baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo ziliharibika kwa kupewa volti ya juu kupita kiasi. Intel ilitoa marekebisho ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa, yanayokuja na BIOS) mwaka 2024, likiwemo la 0x12B, na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili kwa aina zilizoathirika. Sasisha BIOS kwanza. Marekebisho huzuia uharibifu usiendelee, lakini hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika, kwa hiyo ikiendelea kuanguka baada ya kusasishwa na kumbukumbu ikiwa imepimwa salama, idai kwenye dhamana. Ukinunua iliyotumika ya vizazi hivyo, mwombe muuzaji ushahidi wa tarehe ya ununuzi, kwa kuwa bila huo dhamana ni ngumu kuidai.